Spea za usukani wa gari la rimoti: orijino, naironi, alumini au za kujitengenezea?

Usukani wa gari la rimoti huharibika kwa namna tatu. Kipande huvunjika gari likigonga ukingo wa barabara. Kipande hulika taratibu mpaka gari linayumba hata kwenye lami nyoofu. Au servo, ile mota ndogo inayogeuza usukani, huisha meno, na magurudumu ya mbele yanabaki yakielekea yanakotaka. Dawa ya la kwanza haiponyi la pili, na anayenunua kwa kukisia hununua mara mbili, huku kila oda ikichukua wiki kadhaa kufika kutoka China, Japani au Marekani.

Tutalinganisha njia tano za kupata spea: orijino za kampuni iliyounda gari, za naironi ngumu kutoka kampuni nyingine, za alumini, tairodi na vikombe vya jumla vinavyouzwa kwa vipimo, na zile za kujitengenezea. Mifano mikuu ni Tamiya TT-02, gari la lami la 1:10 (yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) lililotoka mwaka 2013, na WLtoys 144001, bagi (gari la vumbini) ya 1:14 kutoka China ambayo wengi huanzia nayo kwa sababu ya bei. Traxxas Slash inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma itaingia pale inapotofautiana nazo. Magari ya kuchezea watoto, yale ambayo usukani wake ni kushoto kabisa au kulia kabisa, hayamo. Hayana servo ya kweli, hayatengenezewi spea, na fito zake haziingiliani na za magari haya.

Kiungo kipi hasa kimekufa?

Tukubaliane majina kwanza, tukitoka servo kwenda gurudumu. Kwenye mhimili wa servo kuna mkono. Mkono huo mara nyingi huwa ni servo seva, yaani mkono wenye springi ndani unaoachia kidogo gari linapogonga kitu ili meno ya servo yasikatike. Mkono unasukuma ufito mfupi, drag linki. Drag linki inageuza belkranki, ile pembe inayozunguka juu ya kiguzo; kwa kawaida ziko mbili, zimeunganishwa kwa ubapa. Kutoka belkranki zinatoka tairodi, moja kushoto na moja kulia, hadi kwenye nako, kile kipande kinachobeba ekseli ya gurudumu la mbele. Kwenye karibu kila kiungo kuna gololi ya chuma iliyokaa ndani ya kikombe cha plastiki. Kwenye baadhi ya magari servo seva haipo kwenye servo bali imejengwa ndani ya belkranki, kwa hiyo usishangae ukikuta mkono mtupu.

Inua gari juu ya kopo, magurudumu ya mbele yaning'inie. Washa rimoti, kisha gari, weka trimu, kile kirekebishi cha katikati ya usukani kwenye rimoti, katikati. Shika gurudumu moja la mbele ulisukume kushoto na kulia polepole kwa vidole viwili, huku macho yako yakifuata viungo kimoja kimoja kuelekea servo. Pale ambapo upande mmoja wa kiungo unasogea na wa pili umetulia, hapo ndipo penye mchezo, yaani ulegevu.

Gololi ikicheza ndani ya kikombe, kilicholika ni kikombe. Gololi ya chuma huishi muda mrefu zaidi, ila iguse kwa ukucha, na ukihisi imekwaruzika ibadilishe pamoja nacho, kwa sababu gololi yenye mikwaruzo itakula kikombe kipya haraka. Belkranki ikiyumba juu ya kiguzo chake, tatizo ni bushi au tundu lililopanuka. Mkono ukiachia kwa msukumo mdogo wa kidole wakati mhimili wa servo haujageuka, springi ya servo seva imelegea au ilikuwa dhaifu tangu kiwandani. Mkono ukizunguka wote juu ya mhimili, meno ya ndani ya mkono yamekufa. Na ukisikia krr krr ndani ya servo, gia zimekatika. Servo nyingi zinauziwa seti ya gia peke yake, hivyo tafuta kwa jina la servo kabla ya kununua nzima.

Ikumbukwe kwamba mchezo hujumlishwa. Gari lenye viungo sita, kila kimoja kikicheza kidogo tu kisichoonekana, litakuwa na gurudumu linaloyumba milimita kadhaa ukingoni mwa tairi. Ndiyo maana kubadilisha kiungo kimoja kibovu zaidi wakati mwingine hakuleti nafuu inayohisika, na mwenye gari analaumu spea mpya.

Vipimo vya kuandika kabla ya kugusa kitufe cha kununua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Tafuta kalipa ya vernia, hata ya plastiki.

Pima kipenyo cha gololi. TT-02 hutumia gololi za milimita 5. Magari mengine yana 4.3, 4.8, 5.8 au 6.8. Kikombe cha 5 juu ya gololi ya 4.8 huingia vizuri tu, hata hubana kidogo siku ya kwanza, lakini tofauti ya milimita 0.2 ni mchezo ulioununua ukiwa mpya. Kinyume chake, kikombe cha 4.8 kikilazimishwa juu ya gololi ya 5 kitapasuka shingo au kitabana mpaka usukani ushindwe kurudi katikati.

Pima thredi. Magari mengi ya Japani na China ni M3 (kipenyo milimita 3), yenye hatua, yaani umbali kati ya thredi na thredi, ya milimita 0.5. Magari ya zamani ya Marekani, hasa ya Team Associated, yalitumia thredi ya inchi ya 4-40, ambayo kipenyo chake ni milimita 2.84 hivi na hatua yake ni 0.635. Ukiitazama kwa macho utaapa ni M3. Ukiilazimisha kwenye kikombe kilichokwisha kuchongwa M3 itaingia mizunguko miwili, kisha itaua thredi yote.

Pima urefu wa tairodi kati ya gololi na gololi. Njia rahisi ni kupima kutoka ukingo wa nje wa kikombe kimoja hadi ukingo wa nje wa kikombe cha pili, kisha kutoa kipenyo cha nje cha kikombe kimoja. Ukipata 48 kwa jumla na kikombe kina 8, urefu wa kweli ni 40. Wauzaji wengine hutaja urefu wa chuma peke yake bila vikombe, wengine wa jumla. Soma maelezo, na yasipoeleweka mwandikie muuzaji.

Hesabu meno ya mhimili wa servo. Futaba na Savöx ni 25, na ndivyo zilivyo servo nyingi za China na za Traxxas. Hitec ni 24. JR na Sanwa ni 23. Mkono wa meno 25 hukubali kuingia kidogo kwenye mhimili wa 24, kisha huteleza gari likiwa kasi.

Kwa wenye WLtoys kuna la ziada: hesabu nyaya za servo. 144001 ina servo ya nyaya tatu, kwa hiyo servo yoyote ya nyaya tatu yenye umbo na ukubwa unaolingana itafanya kazi. Ndugu zake wa awali, A949, A959, A969 na A979, wana servo ya nyaya tano. Hiyo ndani ina mota na kipima nafasi tu. Bongo lake liko kwenye bodi ya gari. Ukichomeka ya nyaya tatu pale haitafanya lolote. Ni ama ununue ya nyaya tano, ama ubadilishe bodi yote kwa risiva na kidhibiti mwendo vinavyojitegemea, na gharama hiyo inakaribia bei ya gari lenyewe.

Orijino

Faida ya orijino ni kwamba inaingia. Tundu liko mahali pake, pembe ya mkono wa nako ndiyo ile mbuni aliyoitaka ili gurudumu la ndani likate kona zaidi kuliko la nje, na plastiki yake imechaguliwa iwe laini kiasi cha kukunjika na kurudi.

Usumbufu wa Tamiya ni namna inavyouza. Vipande vya plastiki huja kwenye mti mmoja wenye herufi, kwa hiyo anayehitaji belkranki moja hununua mti mzima wenye vipande kumi visivyohusika. Usivitupe, vitakuja kuhitajika. Kitabu cha maelekezo kina orodha ya namba kwenye kurasa za mwisho, na nakala zake zinapatikana bure kwenye tovuti za Tamiya. Namba zinazoanza na 50 au 51 ni spea za kawaida, na zinazoanza na 53 au 54 ni za kuboresha. Agiza kwa namba, si kwa picha. Picha za madukani mara nyingi ni za gari jingine linalofanana.

WLtoys huuza vipande vya usukani vikiwa seti ndogo kwa bei ya chini sana, mara nyingi nako mbili au tairodi mbili kwenye mfuko mmoja. Nako na mikono ya mbele ya sasipensheni ya 144001 inaingiliana na 124018 na 124019, hivyo tafuta kwa majina yote matatu, kwani duka likiishiwa na moja huenda lina nyingine. Kwa tairodi pima urefu kwanza. Ubora hutofautiana toleo hadi toleo: nako mpya zikiwa na tundu la beringi lililobana kupita kiasi, usigonge kwa nyundo. Chovya nako kwenye maji ya moto dakika chache, kisha sukuma beringi kwa kidole gumba.

Kwa Slash, tairodi zina gololi yenye tundu katikati na skrubu ya M3 inapita humo. Haichomoki gari likigonga, tofauti na kikombe cha kubana cha Tamiya. Ubaya wake ni kwamba nguvu isiyoweza kuchomoa kiungo inatafuta kipande kingine cha kuvunja. Kampuni zote mbili zilijua zilichokuwa zinafanya: TT-02 inaendeshwa kwenye lami ambako kikombe kuchomoka ni fyuzi nzuri, na Slash inarukaruka kwenye vumbi ambako hutaki kushuka kila mara kurudishia tairodi.

Naironi kutoka nje ya kampuni

RPM ya California ndiyo jina linalotajwa zaidi hapa. Inatengeneza nako, mikono na vikombe kwa magari ya Traxxas na mengine ya Marekani, kwa plastiki inayopinda sana kabla ya kuvunjika, na inatoa dhamana ya kubadilisha kilichovunjika. Kwa Slash inayopigishwa mitaroni, nako za RPM ni chaguo letu la kwanza, mbele ya orijino na mbele ya alumini. Kwa TT-02 na 144001 usipoteze muda kuzitafuta, tafuta orijino.

Dokezo moja kwa naironi yoyote, pamoja na orijino nyingi: naironi iliyokauka kabisa huwa ngumu na kavu kama biskuti. Inahitaji unyevu kidogo ili iwe na mnofu. Spea zilizokaa dukani muda mrefu kwenye mfuko mkavu zichemshe kwa dakika kumi hivi na ziache zipoe ndani ya maji yaleyale. Kwa nako na belkranki jambo hili dogo linaonekana waziwazi kwenye mgongano wa kwanza.

Alumini

Hapa ndipo penye kishawishi. Seti nyekundu au ya buluu ya 144001, yenye nako, mikono, belkranki na tairodi zote za alumini, huonekana kama suluhisho la kudumu, na bei yake si ya kutisha. Tunaomba msomaji asimame kidogo.

Nguvu ya mgongano haipotei kwa sababu nako ni ya chuma. Inasonga mbele hadi kipande kinachofuata. Nako ya plastiki ingepinda au ingevunjika kwa bei ya soda. Ya alumini inapeleka pigo kwenye tairodi, tairodi inapeleka kwenye belkranki, belkranki inapeleka kwenye servo au inang'oa kiguzo kwenye chasisi. Kwenye TT-02 kiguzo ni sehemu ya beseni la plastiki ambalo ni gari zima. Kikikatika, unanunua chasisi na kulifungua gari lote. Halafu alumini haivunjiki mbele ya macho yako kama plastiki. Inapinda nyuzi mbili tatu na kukaa hivyo. Gari linaanza kuvuta upande mmoja, mwenye gari anaongeza trimu, wiki inayofuata anaongeza tena, na tairi za upande mmoja zinaisha kabla ya wakati.

Zaidi ya hapo, alumini inayozunguka moja kwa moja juu ya kiguzo cha chuma bila beringi hulika vibaya kuliko plastiki, hasa vumbi likiingia. Belkranki za alumini zisizo na beringi ndani ni pambo. Zenye beringi ni habari nyingine kabisa.

Basi alumini inafaa wapi? Inafaa kwenye belkranki za gari la lami linaloendeshwa kwenye uwanja laini, ambako hakuna mawe na adui mkuu ni mchezo. TT-02 ya kiwandani inajulikana kwa usukani uliolegea, na belkranki pamoja na ubapa wa alumini wenye beringi hubadilisha gari hilo kweli. Tamiya yenyewe inauza seti za kuboresha usukani wa TT-02, na kampuni nyingi za China zina nakala zake. Kabla ya kununua nakala angalia mambo mawili: je, beringi zimo kwenye mfuko au zinauzwa kando, na je, alumini ni 6061 au 7075. Kwa hali yake ya kawaida ya T6, 7075 huanza kupinda kwa mkazo unaokaribia mara mbili ya ule wa 6061, megapaskali 500 hivi dhidi ya 276. Kwa ubapa mwembamba hiyo ni tofauti kubwa. Muuzaji asiyetaja aina, chukulia ni 6061 au chini yake.

Skrubu zinazoingia kwenye alumini zitie gundi ya thredi ya nguvu ya kati, tone dogo. Gundi hiyohiyo isiguse plastiki, kwa kuwa baadhi ya plastiki hupasuka nyufa zikiguswa nayo. Kwenye plastiki skrubu hujishika yenyewe.

Tairodi na vikombe vya jumla

Hii ndiyo njia tunayoiamini zaidi kwa mtu anayekaa mbali na duka la hobi, na ni ajabu kwamba inatajwa kidogo. Badala ya kutafuta tairodi ya gari fulani, unanunua ufito wa chuma wa M3 wenye thredi pande mbili, mfuko wa vikombe vya milimita 5 na mfuko wa gololi zenye skrubu. Vitu hivyo vikiwa kwenye kisanduku chako, karibu gari lolote lenye vipimo hivyo linatibika siku hiyohiyo.

Chagua ufito wa kurekebika, wenye thredi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, na pa kushikia spana katikati. Ukiuzungusha ukiwa umefungwa kwenye gari, pande zote mbili zinatoka au zinaingia kwa pamoja. Kwa M3, mzunguko mmoja kamili hubadilisha urefu kwa milimita 1 kamili. Ufito wa kawaida wenye thredi ya kulia pande zote mbili unalazimisha kuchomoa kikombe kila unaporekebisha, na kila kuchomoa kunapanua kikombe. Kikombe hukubali kuchomolewa mara chache, si mara hamsini.

Vikombe vya plastiki huja bila thredi. Chuma ndicho kinachoichonga kinapoingia kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kikombe kilekile kinakubali upande wa kushoto au wa kulia, lakini kikishachongwa ndiyo basi, hakibadiliki. Shika kikombe kwa koleo lililofungwa kitambaa, au bora zaidi kichomeke juu ya gololi iliyofungwa kwenye kipande cha mbao, kisha zungusha ufito. Ingiza angalau milimita 6 za thredi kila upande. Pungufu ya hapo kikombe kitang'oka. Na panga tairodi zote mbili ziwe na thredi ya kushoto upande uleule wa gari, ili siku ya kurekebisha mkono wako usichanganyikiwe.

Chuma au titani? Kwa gari la mtaani, chuma. Titani, kama zile fito za Lunsford, ni nyepesi na inapinda kisha kurudi, lakini hela hiyo ingenunua servo seva nzuri, na servo seva ina faida kubwa kuliko gramu chache.

Kikombe kipya kikibana gololi mpaka tairodi haianguki kwa uzito wake mwenyewe, kibane kidogo kwa koleo kikiwa juu ya gololi, geuza robo, bana tena. Usitie mafuta kwenye viungo vya gari la vumbini. Mafuta yakichanganyika na vumbi ni msasa.

Printa ya 3D na spoku ya baiskeli

Printa inafaa kwa belkranki, ubapa na vishikizo vya servo. Haifai kwa vikombe. Plastiki iliyolazwa tabaka juu ya tabaka hupasuka shingo ikisukumwa juu ya gololi. Kati ya plastiki za printa, PLA iepuke kabisa kwa gari linaloachwa juani au ndani ya buti la gari, kwani huanza kulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi. PETG ndiyo ya kuanzia, na naironi ndiyo bora ukiweza kuikausha na kuichapa. Kilaze kipande ili tabaka zifuate urefu wake, jaza ndani asilimia 100, na acha matundu yachapwe madogo kisha yapanue kwa kekee: milimita 2.5 kwa skrubu ya M3 inayochonga thredi, 3.0 hadi 3.1 kwa inayopita.

Spoku ya baiskeli yenye unene wa milimita 2 inatengeneza drag linki ya dharura nzuri kuliko watu wanavyodhani. Toboa mkono wa servo kwa kekee ya 2.1, kunja ncha ya spoku iwe kama herufi Z ili isichomoke, upande wa pili uibane kwenye kishikizo cha shaba chenye skrubu ya pembeni. Ikae fupi na nyoofu. Ikizidi sentimita sita hivi inaanza kujipinda servo inaposukuma, ingawa wakati wa kuvuta iko sawa. Kuna dalili rahisi: gari linakata vizuri upande mmoja na kidogo upande wa pili. Thredi iliyopo mwisho wa spoku si M2 wala M3, kwa hiyo kikombe cha kawaida hakitaishika.

Kikombe kimoja kikilika huku oda ikiwa njiani, kata kipande kidogo cha mfuko mwembamba wa plastiki, kiweke juu ya gololi, kisha bonyeza kikombe juu yake. Itakaa siku kadhaa.

Servo seva na servo, kabla ya yote hayo

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kwenye TT-02, basi iwe servo seva ya Tamiya namba 51000. Ile inayokuja ndani ya boksi la gari inaachia mapema mno, hivyo hata ukiweka viungo vya alumini na beringi mchezo utabaki palepale. 51000 hubanwa na pete za springi za chuma na huja na vipandikizi vya meno ya servo tofauti. Kuna watu wanaoiondoa servo seva kabisa na kufunga mkono wa chuma. Kwenye magari ya lami hilo lifanye tu ukiwa na servo ya gia za chuma na uwanja usio na kuta. Kwa 144001 mkono wa plastiki ubaki wa plastiki; ununue miwili, mmoja wa akiba.

Servo yenye nguvu ya kilo-sentimita 3 hadi 4 inatosha TT-02. Slash inataka zaidi, na lori la 1:10 linalosukumwa na magurudumu yote manne linapendeza likiwa na 15 kwenda juu. Servo kubwa kwenye viungo dhaifu haisaidii. Inavivunja haraka zaidi.

Haya ndiyo machaguo yetu kipande kwa kipande:

| Kipande | TT-02 | 144001 |
|---|---|---|
| Vikombe na gololi | Orijino au vya jumla vya mm 5, vyote kwa pamoja | Orijino. Pima gololi kabla ya kununua vya jumla |
| Tairodi | Chuma M3 ya kurekebika | Orijino mtaani. Chuma ya kurekebika ikiwa urefu umepimwa |
| Belkranki na ubapa | Alumini yenye beringi kwa uwanja laini, orijino kwa mtaa | Orijino |
| Nako | Orijino | Orijino, jozi mbili za akiba. Alumini hapana |
| Mkono wa servo | 51000 | Plastiki, meno yalingane na servo |

Kufunga

Skrubu za nyota za Tamiya zimechongwa kwa kipimo cha JIS cha Japani. Bisibisi ya kawaida ya nyota inaziruka na kuziua vichwa. Tafuta ya JIS namba 2, au angalau sukuma chini kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Kwenye plastiki, rudisha skrubu kinyume taratibu mpaka uisikie ikidondoka kwenye thredi yake ya zamani, ndipo uifunge. Anayefunga moja kwa moja huchonga thredi mpya juu ya ile ya kwanza, na mara ya tatu tundu limekufa.

Usifunge mkono wa servo kabla ya kuiwasha. Washa rimoti na gari, trimu iwe sifuri, acha servo ijipeleke katikati, kisha chomeka mkono ukiwa karibu kabisa na nyuzi 90 kwa drag linki. Meno 25 maana yake kila jino ni nyuzi 14.4, kwa hiyo kosa kubwa litakalobaki ni nyuzi 7.2, na hilo hurekebishwa kwa urefu wa drag linki, si kwa trimu. Trimu iachie uwanjani.

Magurudumu yaelekeze mbele kwa kuegesha rula mbili za sentimita 30 pembeni mwa tairi za mbele na kupima nafasi kati ya rula hizo, mbele na nyuma, kwa sehemu mbili zilizoachana milimita 200. Tofauti ya milimita 7 ni nyuzi moja kwa kila gurudumu. Anza na sifuri. Mkono wa nako ukiwa na milimita 15, robo ya mzunguko wa tairodi ya M3 ni karibu nyuzi moja, hivyo zungusha kidogo kidogo, kushoto na kulia kwa usawa.

Mwisho, geuza usukani mpaka mwisho kila upande gari likiwa juu ya kopo, na usikilize. Servo ikivuma bila kunyamaza, imegonga ukomo wa nako na inajichoma yenyewe. Punguza kikomo cha upande huo kwenye rimoti mpaka mvumo uishe. Kama rimoti ina kitufe kimoja tu cha kupunguza pande zote, punguza kwa kufuata upande unaovuma kwanza. Endesha betri moja, rudi, gusa kila skrubu ya usukani kwa bisibisi, na chomoa gurudumu uone kama nako inageuka kwa uzito wake yenyewe tairodi ikiwa imetolewa.